Nani Anahitajika Kwenye Fyusheni? Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kazi za Upande wa Biashara

Nishati ya fyusheni, inayopatikana kwa kuunganisha viini vya atomi nyepesi kama lifanyavyo jua, sasa inajadiliwa pia na wanasheria, wahasibu na watu wa benki. Wenye fani hizo wakiifikiria kama ajira, mara nyingi wanaanza na mambo ya kusikia.

Dhana: Bila shahada ya fizikia huna nafasi.

Tazama mradi wa ITER, kusini mwa Ufaransa. Una wanachama saba: Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani. Sehemu kubwa ya michango yao si fedha bali vifaa. Ganda kubwa la chuma linalofunika mtambo lilitoka India, sumaku ya katikati Marekani. Kwa mchango wa Ulaya peke yake kuna taasisi nzima mjini Barcelona, Fusion for Energy, na kazi yake kubwa ni zabuni, mikataba na ratiba. Kifaa kikichelewa, lazima awepo wa kuamua nani anabeba gharama, na mara nyingi huyo si mwanafizikia.

Dhana: Hakuna umeme wa fyusheni sokoni, kwa hiyo hakuna cha kuuza.

Nusu ya kwanza ni kweli: hakuna mtambo wa fyusheni unaopeleka umeme kwenye gridi popote duniani. Lakini mikataba ya kuuziana umeme huo imeshasainiwa. Mwaka 2023 Microsoft ilikubaliana na Helion, kampuni ya jimbo la Washington, kuhusu mtambo unaolenga kuanza 2028. Mwaka 2025 Google ilikubali kununua megawati 200 kutoka mtambo ambao Commonwealth Fusion Systems inapanga kuujenga Virginia.

Wengine wanauza vitu vilivyopo tayari. Kyoto Fusioneering ya Japani inawauzia vifaa wanaojenga mitambo. Tokamak Energy ya Uingereza ina kitengo cha kuuza teknolojia ya sumaku. SHINE ya Wisconsin inauza huduma za nyutroni na isotopu za tiba huku ikiitazama fyusheni kwa mbali. Kwa maoni yangu, kampuni za namna hii ndizo shule nzuri zaidi kwa anayeanza, maana zina wateja wa leo.

Aliyewahi kushughulikia mikataba ya umeme Afrika Mashariki haendi mikono mitupu. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana ilikamilika mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme, kilomita 428, ilikuwa tayari Septemba 2018. Gharama ya umeme usiosafirishwa ikaangukia upande wa serikali ya Kenya, kama mkataba ulivyosema. Swali hilohilo, nani analipa mambo yakichelewa, ndilo zito kuliko yote katika mkataba wa fyusheni.

Dhana: Ni nyuklia, basi vibali ni vilevile.

Sivyo, si Marekani wala Uingereza. Aprili 2023 tume ya nyuklia ya Marekani iliamua kuisimamia fyusheni kwa mfumo unaotumika kwa vichapuzi vya chembe (mashine zinazokimbiza chembe za atomi kwa kasi kubwa), siyo ule wa vinu vinavyopasua atomi. Uingereza nayo, kwa Sheria ya Nishati ya mwaka huohuo, iliiondolea leseni ya eneo la nyuklia.

Dhana: Maabara ya Livermore ilishathibitisha kuwa fyusheni inawezekana, kilichobaki ni biashara tu.

Hapa ndipo watu wa mauzo wanapojikwaa. Tarehe 5 Desemba 2022 maabara hiyo ya California ilipiga punje ya fueli kwa leza ya megajuli 2.05, ikapata megajuli 3.15. Ni mafanikio ya kihistoria. Ila kuiwasha leza hiyo kulikula takriban megajuli 300 za umeme. Ukimwandikia mwekezaji "tulipata zaidi ya tulichoingiza" bila kusema kipimo kilianzia wapi, mhandisi wa kampuni ya umeme ataiona kasoro hiyo kabla hajamaliza ukurasa, na hatakuamini kwenye mengine. Kufahamu tofauti kati ya nishati iliyofika kwenye fueli na umeme uliotoka ukutani hakuhitaji shahada, kunahitaji jioni chache za kusoma.

Dhana: Mabilioni yamemwagika, ajira ni salama.

Kufikia 2025, kwa hesabu ya Fusion Industry Association, chama cha sekta hiyo, kampuni za fyusheni zilikuwa zimekusanya karibu dola bilioni 10, lakini sehemu kubwa iko kwa kampuni chache. Mwaka huohuo General Fusion ya Kanada ilipunguza takriban robo ya wafanyakazi wake. Kwenye usaili uliza fedha iliyopo inatosha miezi mingapi, na ni hatua gani ya kiufundi itakayofungua awamu inayofuata ya fedha. Ukiahidiwa hisa badala ya sehemu ya mshahara, uliza pia nani wanalipwa kabla yako kampuni ikiuzwa.