Moshi wa zebaki haunuki

Hapa Busia, mashariki mwa Uganda, habari za mafuta ya Bunyoro, kule magharibi, zinafika zikiwa zimetiwa chumvi: eti chini ya Ziwa Albert kuna ziwa jingine la mafuta, ni kutia bomba na kuvuta. Hakuna ziwa. Mafuta yamejificha kwenye vitundu vidogo vya mawe ya mchanga, kama maji ndani ya sifongo. Yanakadiriwa kuwa mapipa bilioni 6.5, na yanayoweza kutolewa ni kama bilioni 1.4 tu. Tena ni mazito yenye nta. Bomba la kilomita 1,443 la kwenda Tanga lazima lipashwe moto yasigande njiani.

Kwetu kuna dhahabu, na dhana inayoumiza familia nyingi ni hii: "Shamba langu, dhahabu yangu." Katiba ya 1995 inasema ardhi ni ya wananchi, lakini ibara ya 244 inayaweka madini mikononi mwa serikali. Hati ya shamba haikupi ruhusa ya kuchimba; leseni ndiyo inayokupa. Ila mwenye ardhi ana haki ya fidia na fungu la mrabaha, yaani malipo anayotoa mchimbaji kwa madini anayochimba. Wazee wangu, lijueni hili kabla mtu hajabisha hodi na leseni mkononi.

Linaloninyima usingizi hasa ni zebaki, ile metali ya majimaji inayotumika kunasia dhahabu. Mwamba ukitolewa shimoni hupondwa, husagwa, kisha unga wake huoshwa kwa maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa blanketi. Dhahabu ina uzito mara 19 ya maji, kwa hiyo inanasa kwenye manyoya ya blanketi. Mchanga mzito uliobaki unatiwa kwenye karai, zebaki inamiminwa, na mtu anaukanda kwa mkono mtupu, kama anayekanda unga wa chapati. Zebaki inazikumbatia chembe za dhahabu hadi linatokea tonge la kijivu. Linakamuliwa kwa kitambaa, linawekwa juu ya makaa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki.

"Ingekuwa sumu tungeisikia ikinuka," watu husema. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Unaingia mapafuni mwa anayechoma na mwa mtoto anayecheza kando ya jiko, unafika kwenye ubongo na figo. Mimba ndiyo inayodhurika zaidi. Na zebaki inayomwagwa mtoni haipotei: vijidudu vya kwenye tope huigeuza kuwa sumu kali zaidi, nasi tunaila kwenye samaki.

Wengine hunywa maziwa baada ya kazi wakiamini yanaisafisha. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni, na mvuke umeshapita mapafuni na kuingia kwenye damu.

Mwaka 2019 Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, unaotaka zebaki ipunguzwe migodini na pale inapowezekana iachwe kabisa. Hadi tufike huko, kuna chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba linalopozwa kwa maji: mvuke ukipita humo unarudi kuwa zebaki, unaikinga na kuitumia tena. Asiye na chungu hicho asichomee ndani ya nyumba wala jikoni, na mama mjamzito na watoto wasiwe karibu hata kidogo.