Mwenye uhakika siye wa kuogopwa

Kila yakitokea mauaji ya kiimani, iwe bomu katika nchi ya mbali au kikongwe kukatwa mapanga kijijini, maelezo huwa yale yale: tatizo ni watu kuamini kupita kiasi. Nimeyasikia kwenye semina hapa Dodoma, nimeyasikia kwenye daladala. Mimi ni mwanasaikolojia tiba. Kazi yangu ni kukaa na watu wenye uhakika kuliko wote, na maelezo hayo siyakubali.

Chukua mgonjwa wa akili mwenye imani potofu za kiugonjwa. Umletee hati, umletee mashahidi, hatikisiki. Nimewahi kukaa na baba mmoja aliyejua kabisa kwamba viwanja vyote vya Iyumbu ni vyake. Alikuwa akichana maboksi ya dawa, anaandika namba za viwanja kwa kalamu, anawagawia wauguzi. Muuguzi mjamzito alipewa cha kona. Hakuwahi kumgusa mtu kwa ubaya, na wengi wa wagonjwa wa aina yake wako hivyo. Marekani, daktari wa magonjwa ya akili Paul Appelbaum na wenzake walifuatilia wagonjwa waliotoka hospitali za akili kwa mwaka mzima. Matokeo yao ya 2000 yalionyesha kwamba kuwa na imani hizo, kwa ujumla, hakukuongeza hatari ya kufanya vurugu.

Ninayemhofia mimi ni yule asiyegusa ugali alioletewa na kaka yake. Ukimuuliza kama ana hakika anawekewa sumu, anakujibu, "Sijui, daktari, lakini mbona ananiangalia vile?" Huyu ana shaka, ana hofu, ana hasira, na tayari ana jina la mtu. Ndiyo maana ndugu wakija siwaulizi mgonjwa anaamini kiasi gani. Nawauliza anamwogopa nani, usiku analala au halali, na panga la nyumbani linakaa wapi.

Huku nje ya wodi naona mambo yale yale. Familia imezika watoto wawili katika msimu mmoja wa mvua. Wanaenda kwa mganga kwa sababu hawajui kilichowaua, na kule kutojua kunawatafuna usiku na mchana. Mpiga ramli chonganishi anawauzia kitu kimoja tu: jina. Asubuhi mama aliyetajwa alikuwa bibi wa watu, jioni ni mchawi. Uhakika wanaorudi nao nyumbani ni mbichi, ndiyo maana unahitaji kusemwa kwa sauti na kurudiwa rudiwa mpaka kila mtu aukubali. Watafiti David Gal na Derek Rucker walilipima jambo linalokaribiana na hilo mwaka 2010: waliotikiswa katika walichokiamini ndio waliojitahidi zaidi kuwashawishi wengine.

Na wanaofuata nyuma wakibeba marungu je? Wengi wao hawana uhakika wa lolote. Sokoni Majengo mtu akipigiwa kelele za mwizi, shika mkono wa kijana aliyeokota jiwe umuulize kimeibwa nini. Hajui. Amewaona wenzake wanakimbia, naye akakimbia. Mtafiti Scott Straus aliwahoji wafungwa 210 waliokiri kushiriki mauaji ya Rwanda ya 1994, na alichokikuta zaidi ni shinikizo la wanaume wenzao na hofu ya vita. Chuki ya muda mrefu haikuwa maelezo ya wengi wao.

Sisemi imani haina nguvu. Mwaka 1905 watu walizikabili bunduki za Wajerumani wakiamini risasi zitageuka maji, na mwenye shaka angerudi nyuma. Lakini kilichowachosha kilikuwa pamba ya kulazimishwa na kodi, dawa ya Kinjikitile ikawapa ujasiri. Na nguvu hiyo hiyo huzuia pia. Katika visa nilivyosimuliwa, anayesimama mlangoni kwa mtuhumiwa na kuwaambia vijana "mtapita juu yangu" mara nyingi ni mzee wa kanisa au wa msikiti, asiye na shaka hata kidogo kwamba kuua ni dhambi. Ukimpunguzia huyo uhakika, nani atabaki mlangoni?

Kwa hiyo, ndugu yenu akirudi kutoka kwa mganga na jina, msibishane naye kama uchawi upo au haupo. Mtapoteza usiku mzima na mtamsukuma kulishikilia zaidi. Aliyetajwa aondoke usiku huo huo, apelekwe kwa jamaa wa mbali, na mwenyekiti wa kitongoji na polisi waambiwe kabla hakujakucha. Vijana wa ukoo wasiachwe peke yao kilabuni mpaka arobaini ipite. Wapeni kazi, wapeni mzee wa kukaa nao. Halafu atafutwe mganga wa zahanati au muuguzi aliyewaona wale watoto, aje nyumbani, akae chini na baba yao, amweleze walichougua, kwa Kigogo kama Kiswahili hakitoshi, na asiondoke mpaka baba amalize maswali yake.