Jogoo wa Kashan: je, sanaa ya Kiislamu haina wanyama?

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba sanaa ya Kiislamu haina viumbe hai. Ni maua, maandishi na nakshi tu. Kwa mapambo ya misikitini, kwa sehemu kubwa ni kweli. Kwa vyombo vya nyumbani, sivyo kabisa.

Chukua birika za Kashan, nchini Iran, za miaka ya 1200 hivi. Shingo inapanda, inageuka kichwa cha jogoo: jicho la duara, undu juu, na mdomo uliochongoka ndio unaomimina maji. Wafinyanzi waliumba hata wanyama wazima.

Vingi vya vyombo hivi vina mng'ao kama wa dhahabu, lakini si dhahabu, ingawa wengi hudhani hivyo. Chombo kilichomwa kwanza na utando wake wa kioo, kikachorwa kwa mchanganyiko wenye shaba na fedha, kisha kikarudishwa kwenye tanuri lenye moshi mwingi na hewa kidogo. Kilipopoa, kilisuguliwa mpaka kikang'aa. Abu'l-Qasim, mtu wa ukoo wa wafinyanzi wa Kashan, aliieleza kazi hii mwaka 1301, akaufananisha mng'ao huo na dhahabu nyekundu na mwanga wa jua. Naona alikuwa na haki kabisa.

Dhana kwamba sanaa ya Kiislamu haina viumbe hai haikuzuka hewani. Zipo hadithi za Mtume zinazoonya kuhusu picha za viumbe, na wanazuoni wametofautiana tangu zamani kuhusu mipaka yake. Lakini Qurani inakataza kuabudu masanamu, na hakuna aliyeisujudia birika ya kunawia mikono.