Shajara iliyohaririwa siyo shajara feki

Akitajwa Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyeandika shajara akiwa amejificha Wanazi wakati wa Vita Kuu ya Pili, hakosekani mtu wa kusema ile shajara ni ya kubuni, eti aliiandika baba yake, na ukimuuliza ushahidi anakwambia "si ilihaririwa". Hili nimelisikia mara nyingi mno na linaniumiza, kwa sababu anayesingiziwa ni mtoto aliyekufa kwenye kambi ya Wanazi.

Shajara ni maandishi ya mtu anayeandika siku kwa siku, hajui kesho itakuwaje. Akija kusimulia miaka baadaye hiyo ni tawasifu. Basi.

Sasa kuhariri na kughushi. Anayehariri anapunguza na kupanga maneno yaliyopo, anayeghushi anatunga yake halafu anambandika mwingine jina. Na kwa Anne, mhariri wa kwanza alikuwa Anne mwenyewe! Alipewa daftari siku anatimiza miaka 13, Juni 1942, na kabla mwezi haujaisha tangu siku hiyo familia ikaenda kujificha nyuma ya ofisi ya baba yake pale Prinsengracht 263, Amsterdam, mwishowe wakawa watu 8. Machi 1944 wakasikia redioni waziri wa serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London akisema shajara na barua za wakati wa vita zitunzwe, zitakusanywa vita vikiisha. Mei binti akaanza kuandika upya yote kwenye karatasi za pembeni, hapa anakata, pale anaongeza, majina anabadilisha, maana alitaka kije kuwa kitabu, na hakumaliza kwa sababu tarehe 4 Agosti wakakamatwa.

Karatasi ziliokotwa na Miep Gies na Bep Voskuijl, wafanyakazi wa ofisi waliokuwa wakiwasaidia kwa siri. Anne alifia Bergen-Belsen, kambi ya Wanazi huko Ujerumani, mwanzoni mwa 1945. Kati ya wale 8 alirudi baba peke yake, Otto, na yeye ndo aliunganisha daftari na zile karatasi, akaacha baadhi ya maneno makali kuhusu mama na mambo ya mwili, akarudisha mengine ambayo Anne alikuwa kayatoa, kikachapwa 1947. Unaweza kumlaumu kwa alichoacha, hilo tunaweza kulijadili, ila hakumtungia mwanaye maisha.

Otto alipofariki 1980 maandishi yakaenda kwa serikali ya Uholanzi, maabara ikapima karatasi, wino, gundi na mwandiko, ikathibitisha ni ya Anne, na 1986 likatoka toleo linaloweka matini zote tatu sambamba, ya daftari, ya Anne aliyoandika upya na ya Otto. Ile hoja kwamba shajara ni feki kwa kuwa ina maandishi ya bolpeni, kalamu iliyoenea baada ya vita, inahusu vikaratasi viwili vilivyochomekwa baada ya vita, haviko ndani ya shajara yenyewe.

Kwa hiyo ndugu yangu, sema imehaririwa, utakuwa umesema kweli, na ukitaja nani alihariri mtaje na Anne.