Mchoro wa jumla ni nini, na kwa nini uangalie ni wa mwaka gani kabla hujakata bati

Ukikaa na watu wanaotengeneza modeli za treni za mvuke za Uingereza, hasa zile za mwanzo kabisa za kuanzia 1825 mpaka kama 1840 hivi, utawasikia wanaulizana "mchoro wa jumla unao?" na mgeni anabaki anajiuliza mchoro wa jumla ndo upi sasa, si mchoro ni mchoro tu. Si hivyo jamani, na ukiliacha hili lipite hivihivi utajikuta umetengeneza kichwa cha treni ambacho hakijawahi kuwepo.

Mchoro wa jumla ni ule unaoonyesha mashine nzima ikiwa imeshafungwa, yaani ubavuni, mbele, nyuma na kutokea juu, na vipimo vikuu vimeandikwa pale: urefu, kipenyo cha magurudumu, kutoka ekseli mpaka ekseli ni kiasi gani, boila imekaa juu kiasi gani kutoka kwenye reli. Ni kama ramani ya nyumba, unaona vyumba vilivyokaa lakini huoni bawaba ya mlango. Mambo ya valvu, pini, kichwa cha pistoni, hayo yana michoro yake ya vipande, na kwa modeli ndogo mengi ya hayo wala huyahitaji.

Sasa kusoma huo mchoro kuna vitu viwili vinawachanganya watu sana. Kwanza ule upande wa mbele au wa nyuma mara nyingi umegawanywa katikati, nusu moja ni jinsi mashine inavyoonekana kwa nje na nusu nyingine imepasuliwa ili uone ndani, mtu akitazama haraka anadhani treni imejengwa upande upande. Wewe chukua ile nusu ya nje, igeuze kama kwenye kioo, unganisha, umemaliza. Pili ni rangi. Michoro ya zamani ilichorwa kwa wino halafu ikapakwa rangi za maji, na hizo rangi zinasema kitu kimetengenezwa kwa nini, bluu ni chuma, manjano ni shaba ya njano, kahawia ni mbao. Kwa hiyo ukiona bomba la manjano kwenye mchoro usikimbilie kopo la rangi ya manjano, unaambiwa tu pale pana shaba.

Kubwa kuliko yote, na mimi hapa ndo nasisitiza, ni tarehe. Mchoro unaonyesha mashine ilivyokuwa siku moja tu, na mashine za miaka ile zilikuwa zinabadilishwa karibu kila zikiingia karakana. Chukua Rocket, ile ya Robert Stephenson iliyoshinda mashindano ya vichwa vya treni yaliyofanyika Rainhill, Uingereza, Oktoba 1829. Siku ya mashindano silinda zake zilikuwa zimeinuka sana, karibu nyuzi 38, boila ni ya njano na dohani nyeupe. Haikuchukua muda silinda zikashushwa zikawa karibu zinalala, na mbele chini ya dohani pakaongezwa chumba cha moshi ambacho mwanzo hakikuwepo. Mwaka 1836 ikauzwa ikaenda kufanya kazi kwenye reli ya makaa ya mawe huko Cumberland, na 1862 ndo ikaingia makumbusho London ikiwa imeshakatwakatwa na kubadilishwa vya kutosha. Kwa hiyo ukipima ile iliyopo makumbusho ukaipaka njano ukaiweka kwenye Rainhill umechanganya miaka, silinda za baadaye na rangi ya 1829. Na picha ya kamera haitakuokoa, maana upigaji picha wenyewe ulitangazwa 1839 na mashine nyingi za mwanzo zilikuwa zimeshabadilishwa au kuvunjwa.

Basi utapata wapi? Vitabu vya wakati uleule ni hazina, haki zake za kunakili zilishaisha na vingi vimeskaniwa unasoma bure. Nicholas Wood aliandika kuhusu reli mwaka 1825, na huyu alikuwa mmoja wa majaji wa Rainhill. Francis Whishaw alizunguka reli za Uingereza na Ireland akatoa kitabu chake 1840, humo kuna mambo ya reli zenyewe na mabehewa, sio vichwa tu. Jaji mwingine wa Rainhill, John Rastrick, aliacha daftari lenye vipimo alivyochukua palepale, na hilo daftari kwangu lina uzito kuliko mchoro mzuri uliochorwa miaka 50 baadaye na mtu ambaye mashine hakuiona. Halafu kuna makumbusho ya reli ya taifa kule York, na nyaraka za kampuni za reli ziko Kew, London. Zile picha za kuchorwa, za rangi, za reli ya Liverpool na Manchester za 1831 ni tamu kweli, ila zitumie kwa mandhari na mavazi, vipimo usivitoe humo kwa sababu msanii alikuwa anachora ili ipendeze.

Ukishapata mchoro usiupime kwa rula ukaridhika, karatasi inasinyaa na skana inavuta upande. Amini namba iliyoandikwa, na kama haipo tafuta ule mstari wa vipimo chini ya mchoro ukokotoe kutokea hapo. Skeli ya wengi Uingereza ni milimita 4 kwa futi, gurudumu kubwa la Rocket ni futi 4 na inchi 8 na nusu, kwa hiyo unapata milimita 18.8, na boila yenye urefu wa futi 6 inakuwa milimita 24, kidogo mno mpaka mota unaificha kwenye tenda, lile behewa dogo la makaa na maji linalofuata nyuma ya kichwa. Ila ukitumia reli za OO, aina ya modeli inayotumiwa sana Uingereza, zenye geji (upana kati ya reli mbili) ya milimita 16.5 ujue zimebanwa kuliko skeli inavyotaka, inatakiwa 18.83, so fremu na magurudumu lazima uvisogeze ndani na mchoro wa mbele hautakubaliana na kazi yako.

Na usisahau njia yenyewe. Reli ya Liverpool na Manchester ya 1830 ilikuwa na reli za futi 15, tumbo limevimba chini katikati ya kila vikalio viwili (vile vyuma vinavyoishika reli), na sehemu kubwa zimekaa juu ya matofali ya mawe, kila upande na yake, mataruma ya mbao yalitumika kwenye udongo laini kama pale kinamasi cha Chat Moss. Ukinunua reli za dukani zenye mataruma mwanzo mwisho, pale Chat Moss zitakaa vizuri, kwingine itabidi uyakate uweke mawe moja moja.