Kuunganisha kamera na simu: maana yake na njia inazopita picha

Kuunganisha kamera na simu ni kuiwezesha kamera ya kitaalamu kuipa simu janja picha palepale mpigapicha aliposimama, bila kupitia kompyuta, ili picha iliyopigwa sasa hivi iwafikie walio mbali ndani ya dakika chache. Kamera ina kihisi kikubwa cha mwanga na lenzi inayoweza kumvuta karibu mcheza ngoma aliye upande wa pili wa jukwaa usiku, lakini haina laini ya simu, na kuandika maneno kwa vitufe vyake ni adhabu. Simu nayo ina laini, bando na programu zote za kuchapishia, ila jicho lake ni dogo. Kwa hiyo kinachoitwa kuunganisha ni kugawana kazi: huyu aone, yule aseme.

Wengi hudhani kwamba muunganisho huo ni mmoja, na ndiyo maana ukikwama hawajui waanzie wapi. Kwa kawaida picha huhitaji viungo vitatu, na mfano wake unaonekana vizuri sokoni kwa samaki Bagamoyo, asubuhi maji yakiwa yamekupwa. Mashua haiwezi kufika mchangani, hivyo hutia nanga mbali kidogo, na mtu huwapigia kelele wenzake walioko pwani kwamba mzigo umefika. Vijana huingia majini, maji yakawafika kiunoni, wakarudi na ndoo za samaki mabegani. Kutoka mchangani, samaki walionunuliwa hufungwa katika madeli yenye barafu na kupakiwa pikipiki au gari kuelekea Dar es Salaam. Ile kelele ni Bluetooth, vijana wenye ndoo ni Wi-Fi, na barabara ya Dar es Salaam ni mtandao wa simu.

Bluetooth hutumia umeme kidogo sana, na kwa sababu hiyo inaweza kubaki hewani hata kamera ikiwa imesinzia. Kazi yake kubwa ni ujumbe mfupi mfupi: kuilinganisha saa ya kamera na ya simu, kuipa kamera mahali ilipo, na kuiamuru iwashe Wi-Fi. Kitendo cha kuvitambulisha vifaa hivi viwili kwa mara ya kwanza huitwa kuoanisha, na kwa kawaida hufanywa mara moja tu. Zipo kamera, kama zile za Nikon zinazotumia programu ya SnapBridge iliyoanza mwaka 2016, ambazo hupitisha hata picha kwa Bluetooth, lakini huwa ni nakala ndogo ya megapikseli 2. Mzigo mkubwa huhitaji Wi-Fi.

Katika kiungo cha Wi-Fi ndipo watu wengi hukwama. Kamera yenyewe hugeuka kituo cha Wi-Fi, kikiwa na jina lake na nywila yake, na simu hujiunga nacho kama inavyojiunga na Wi-Fi ya nyumba ya wageni. Tofauti ni kwamba Wi-Fi ya kamera haina intaneti nyuma yake. Simu nyingi, zikigundua hivyo, hulalamika au huhama kimyakimya. Usiku mmoja nikiwa na kamera katika onyesho la ngoma hapa Bagamoyo, nilihangaika karibu nusu saa nikiamini kamera imeharibika, kumbe simu yangu ilikuwa kila mara inarukia Wi-Fi ya nyumba ya jirani niliyolala wiki iliyopita. Niliifuta ile Wi-Fi kwenye kumbukumbu ya simu, nikaikubalia simu ibaki na mtandao usio na intaneti, na picha zikaanza kuingia.

Njia ya waya haina mashaka hayo. Kamera nyingi za sasa zina tundu la USB-C, na simu nyingi pia, zikiwemo iPhone kuanzia toleo la 15 la mwaka 2023. Waya mmoja unaofaa kupitisha data, si ule wa kuchajia pekee, huhamisha picha haraka bila kujali ni simu ngapi zinagombania hewa ukumbini. Anayepiga picha katika Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni linaloandaliwa na TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambako kila mtazamaji ana simu mkononi, ningemshauri atembee nao mfukoni hata kama hapendi nyaya.

Kiungo cha tatu, yaani kutoka simu hadi intaneti, huamuliwa zaidi na uzito wa faili. Picha ya JPEG kutoka kamera ya megapikseli 24 mara nyingi hukaribia megabaiti 10, na picha ghafi, ile ambayo kamera haijaichakata, huwa nzito mara kadhaa zaidi. Kwa hiyo wapigapicha wengi huiagiza kamera irekodi zote mbili kwa pamoja: picha ghafi ikae kwenye kadi kwa kazi ya baadaye, na JPEG ndiyo ivuke. Programu za kampuni za kamera, kama Camera Connect ya Canon au Creators' App ya Sony, humwezesha mtumiaji kuchukua nakala iliyopunguzwa. Nakala ya megapikseli 2, kwa mfano nukta 1620 kwa 1080, inatosha kabisa kwenye kioo cha simu, ingawa haifai kwa bango. Tahadhari moja: WhatsApp hupunguza picha tena kwa hesabu zake, kwa hiyo mhariri anayetaka faili kamili atumiwe kama dokumenti.

Dhana hii isichanganywe na ya kamera kutuma picha moja kwa moja kwenye seva ya chumba cha habari kwa njia ya FTP, yaani utaratibu wa kuhamisha faili mtandaoni. Huko simu huwa inatoa intaneti tu. Picha haionekani kwenye kioo chake wala mpigapicha hapati nafasi ya kuigusa. Kwa kazi ya mtu mmoja nadhani njia ya kwanza ni bora, kwa kuwa picha ikifika kwenye simu hukatwa kingo, huongezwa mwanga na kuandikiwa maelezo: nani, wapi, lini. Hapo pia ndipo pa kukagua kama ile taarifa ya mahali iliyopelekwa na Bluetooth imeandikwa ndani ya faili. Kwa picha ya jukwaani haina neno, lakini kwa picha ya mtoto iliyopigwa akiwa uani kwao, mimi huiondoa kabla sijabonyeza kitufe cha kutuma.