Je, wajua kwa nini hela za korosho za marehemu hazitoki benki, hata kwa mjane wake?

Chukua mzee mmoja wa Newala, mkoani Mtwara, wa mfano tu. Mwezi wa kumi kapeleka magunia yake ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, yakapimwa, akapewa karatasi yake. Mnada ukapita, lakini kabla ya malipo mzee akafariki. Arobaini haijafika, simu yake, ambayo sasa anayo kijana wake, inaita: ujumbe wa benki, hela zimeingia. Mjane anakwenda na cheti cha ndoa, kadi ya benki na watoto wawili wa kumshuhudia. Dirishani anaambiwa: "Pole sana mama. Tuletee barua ya mahakama."

Hapo wengi huku Kusini tunaona benki ina roho mbaya. Lakini benki iliwekeana mkataba na mtu mmoja, na mtu huyo hayupo tena. Zile hela sasa ni mirathi, na mirathi ina wengi ndani yake: mke, watoto, pengine mama mzazi wa marehemu, hata mwenye duka la pembejeo aliyemkopesha dawa ya mikorosho. Benki ikimlipa mjane leo, kesho akatokea mke mwingine kutoka Tandahimba na cheti chake mkononi, nani atalipa tena? Ndiyo maana wanataka mtu mmoja anayetambulika kisheria kusimama mahali pa marehemu. Huyo anaitwa msimamizi wa mirathi, na anayemteua ni mahakama peke yake.

Kikao cha ukoo je? Kinapendekeza jina, basi. Muhtasari wake hata ukiwa na saini ishirini haufungui akaunti. Jina lililojazwa kwenye fomu ya benki kama mtu wa karibu nalo halimfanyi mtu kuwa mrithi. Na yule kijana anayejua namba ya siri, akaenda usiku kutoa kidogo kidogo, anachukua mali ya watu, na anaweza kutakiwa airudishe yote.

Kesi ya mirathi inafunguliwa pale marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu. Mzee wetu hata angefia hospitali ya Ndanda au Muhimbili, shauri lake ni la Newala. Kama mambo yake yanafuata sheria ya Kiislamu au mila, linakwenda Mahakama ya Mwanzo. La Mkristo aliyeishi nje ya mila linakwenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, kutegemea ukubwa wa mali.

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa Moshi au Mwanza halimsumbui kama linavyotusumbua sisi. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera asili yao ni ukoo wa mama. Kwa mila hiyo mali ya mwanaume huelekea kwa wapwa zake, watoto wa dada, na mjomba ndiye mwenye neno kwenye kikao. Lile tangazo la serikali la mwaka 1963 lililoandika sheria za mila za urithi lilichota kwa makabila ya ukoo wa baba, kwa hiyo halitukai vizuri. Halafu wengi wetu ni Waislamu, na kwenye Uislamu mjane mwenye watoto na marehemu ana 1/8 yake, wakiwa wake wawili wanagawana hiyo hiyo, na mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Nyumba moja, mizani miwili. Mjomba anavuta huku, shehe anasoma kule.

Mahakama hapo huuliza swali moja: marehemu aliishi vipi? Alioa kwa nikahi, akiswali, watoto kawapeleka madrasa? Majirani wanaitwa kueleza. Mimi naona ni bora ukoo umalizane kwenye hili kabla ya kufungua faili, maana pingamizi nyingi zinaanzia hapo, si kwenye hela.

Na wakili? Kwa mirathi isiyo na ugomvi katika Mahakama ya Mwanzo, si lazima. Unajaza Fomu Na. 1, unaambatisha cheti cha kifo na muhtasari wa kikao, tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ukikwama, watafute wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na asiye na uwezo anahudumiwa bure. Hela ya wakili iweke kwa ajili ya siku ya pingamizi, au shauri likipanda Mahakama Kuu.

Ila kabla hata ya fomu, kaa chini utandaze karatasi zote mkekani. Kwanza, kibali cha kuzika si cheti cha kifo. Cheti kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Pili, soma majina herufi kwa herufi. Kitambulisho cha taifa kinasema Hassan Mohamed, kitabu cha AMCOS Asani Muhamedi, benki Hassani Mohamedi Chilumba. Kijijini ni mtu mmoja. Dirishani ni watu watatu, na itabidi mtu ale kiapo kwamba ni yule yule.

Akishateuliwa, msimamizi hajarithi kitu kwa kuteuliwa. Ndani ya miezi minne anatakiwa apeleke mahakamani Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni: mashamba, baiskeli, hela za korosho, deni la duka. Madeni yanalipwa kwanza, kisha warithi wanagawiwa, kisha Fomu Na. 6 inaonyesha nani kapata nini. Wengi huishia kwenye barua ya benki, hela zikatoka, faili likabaki wazi. Miaka kumi baadaye mpwa anakuja kuuliza shamba la mikorosho la mjomba lilikwenda wapi, na anayeitwa mahakamani kujibu ni yule yule msimamizi.